Umaskini wa Kukodisha

Siku serikali ilipotangaza kwamba daftari la zamani la misaada limefutwa, watu wengine walisikia habari. Suti alisikia harufu ya bahasha.

Aliitwa Suti kwa sababu alikuwa nayo moja, ya kijivu, iliyopigwa pasi mpaka magoti yakang'aa. Asubuhi hiyo alisimama mbele ya ofisi ya mtaa akisoma tangazo pamoja na umati. Kuanzia sasa, tangazo lilisema, hakuna kuandikishwa kwa kujuana. Makarani watapita nyumba kwa nyumba, waangalie paa, kitanda na jiko, na asiye na kitu ndiye atakayesaidiwa kila mwezi.

Nyuma yake mtu akasonya. Alikuwa mwenye duka la misumari na mabati, mwanamume ambaye tumbo lake lilifika kila mahali kabla yake.

"Kwa hiyo sisi tunaolipa kodi hatuna letu?" alimwuliza mwenzake, mwalimu mkuu mstaafu mwenye nyumba nne za kupangisha.

"Uonevu mtupu," mwalimu alijibu. "Mimi kwenye daftari la zamani nilikuwemo. Kama yatima."

Suti aligeuka taratibu, uso umejaa huruma.

"Shikamooni, wazee wangu. Nyinyi kasoro yenu ni ndogo sana: mnaishi pazuri. Nipeni siku mbili niwatafutie pabaya."

Wazee wakatazamana. Kufikia saa sita, bahasha mbili zilikuwa zimelala kwenye mfuko wa ndani wa ile suti.

Pabaya palipatikana nyuma ya soko, kwenye chumba cha mama mmoja mjane anayeshona viraka. Bati lilivuja, kitanda kilisimama kwa matofali, na cherehani ililia kila ilipozunguka. Suti alipoingia nusura apige makofi.

"Mama, nakodi chumba chako kwa asubuhi mbili tu. Kuna wageni wangu wanataka kupumzika."

Mama aliitoa sindano mdomoni. "Hao wageni hawana kwao?"

"Wanako. Ndiyo shida yao."

Mama alielewa upesi kuliko Suti alivyopenda. Chumba, alisema, kina bei yake. Beseni la kukinga maji ya bati lina bei yake. Blanketi lenye matundu, ambalo amelitoboa mwenyewe kwa miaka kumi na mitano ya kulilalia, lina bei yake.

"Na mkitaka nikae pembeni nikohoe, hilo ni juu yake."

"Kikohozi nacho kinalipiwa?"

"Kipo cha kawaida, na kipo cha kumliza karani. Unataka kipi?"

Suti hakuwahi kushindwa bei maishani. Alichukua cha kumliza karani, akatoka bahasha moja ikiwa nyepesi kabisa.

Jumatatu alikuja mwenye duka, amevaa shati la kuazima lililochanika na saa ya dhahabu. Mama alimvua ile saa kabla karani hajabisha hodi.

"Na hili tumbo?" Suti alinong'ona kwa hofu.

"Aseme ni maji," mama alisema.

Akasema ni maji. Mama akakohoa. Karani akajipangusa macho, akaandika.

Alhamisi ilikuwa zamu ya mwalimu, na karani alikuwa mwingine, maana utaratibu mpya uliwabadilisha kila siku kuzuia upendeleo. Mwalimu alijieleza kwa ufasaha mpaka akajihurumia mwenyewe, akalia.

"Una nyumba, mzee?"

"Sina hata tofali, binti yangu." Akatia saini.

Ijumaa Suti alirudi kuomba apunguziwe bei ya kikohozi, kwa kuwa siku ya pili kilikuwa kifupi. Alimkuta karani wa tatu ameketi kitandani. Safari hii mama alikuwa anajiandikisha mwenyewe. Lile daftari la zamani lilikuwa limemwandika yeye kuwa marehemu, na miaka yote alipokwenda kulalamika aliambiwa alete cheti chake cha kifo.

"Na huyu ni nani?" karani aliuliza.

Suti alifungua kinywa, lakini mama alimtangulia. "Mwanangu. Hana kazi."

Angekataa, angeulizwa anatafuta nini chumbani humo. "Naam," alisema kwa unyenyekevu. "Mimi ni mwanawe."

"Ana nguvu?"

"Mwangalie mwenyewe mabega," mama alisema kwa fahari.

Suti, aliyependa kusifiwa, akatanua kifua. Karani akaandika, akampiga picha, akamwomba kidole gumba.

Wiki iliyofuata majina yalibandikwa nje ya ofisi ya mtaa ili mwenye pingamizi aseme. Hilo Suti hakulisoma, lilikuwa chini kabisa ya tangazo. Mbele ya jina la mwalimu paliandikwa: hana hata tofali. Wapangaji wake wakamwendea kwa adabu zote.

"Mwalimu, hatuwezi tena kukulipa kodi. Tutakutia matatani na serikali."

Dukani mafundi walijipakilia mabati kwenye mkokoteni wakiuliza mwenye mali ni nani, maana yule waliyemdhania wamesoma kwamba hana kitu, na tena anaumwa tumbo la maji. Kufikia adhuhuri wazee wawili walikuwa wanapita mtaa kwa mtaa wakimtafuta Suti, mmoja na nyundo kutoka dukani kwake.

Suti alikimbilia kwa mama. "Nifiche!"

"Bahasha ya pili iko wapi?"

Akaitoa. Mama akaitia chini ya cherehani, akampa koleo na ovaroli ya rangi ya machungwa.

"Zimeletwa leo. Mwenye mtoto mwenye nguvu, mtoto anachimba mtaro wa mtaa kila asubuhi. Ndiyo mpango mpya. Usipokwenda makarani watakuja kukutafuta, na wana picha yako. Ukienda, nani anamwangalia usoni mtu aliye mtaroni?"

Ilikuwa kweli. Siku ya tatu mwenye duka alisimama ukingoni, nyundo mkononi, akamtazama moja kwa moja.

"Wewe! Nyoosha huo mtaro, maji yataingia dukani kwangu."

"Sawa, mzee," Suti alisema, akaunyoosha.

Mwisho wa mwezi mama alifika kwa msimamizi, akaweka kidole, akapokea ujira kama mkuu wa kaya.

"Mama, na mimi je?"

"Unakula, unalala, na mama unaye. Unataka nini tena, mwanangu?"

Suti, aliyekuwa na jibu la kila kitu mjini, akainua koleo lake. Msimamizi akapiga filimbi, na mtaro ulikuwa umebaki mita sitini.