Dakika Tatu za Mjumbe wa Marambo

Jumanne, 14 Aprili. Nachingwea.

Kesho safari. Mimi, Isihaka, muuza vipuri vya baiskeli, ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Taifa wa Chama. Nimeiandika sentensi hiyo ili niisome tena. Nimeisoma tena. Tamu.

Asubuhi nilikwenda kijijini kwetu Marambo kuaga. Nilitarajia ngoma, nikakuta kimya. Nusu ya shamba la shemeji yangu Lukumani imelala chini. Tembo. Wamekuja tena usiku, wamekula mahindi na kuvunja mikorosho aliyoipanda mwaka aliomwoa dada yangu Mwamina. Kijiji hakilali. Wanaume wanapiga madebe mpaka alfajiri, wanawake wanachochea moto. Betri za redio zote zimehamia kwenye tochi. Majirani wawili wameshayaacha mashamba yao.

Lukumani alinishika mkono mbele ya watu. Alisema wakubwa wote wa nchi watakuwa ukumbi mmoja, kwa hiyo niwaambie hivi: tembo wanatumaliza, tuleteeni askari wa wanyamapori wakae hapa kabla ya mavuno. "Shemeji, hayo yanatosha," akasema. "Usiongeze." Nikaapa. Wanasema ndiyo sababu walinichagua. Mimi nadhani walinichagua kwa sura.

Kiti cha diwani wa kata ya Marambo kiko wazi tangu aliyekuwepo afariki, na uchaguzi mdogo unakuja. Mtu akishaonekana kwenye televisheni akizungumza na taifa, nani atampinga? Kasoro ni moja. Fundi Shaibu amenishonea shati la Chama linalonibana kwapani, mkono wa kulia hauinuki. Nitapiga kura kwa wa kushoto.

Jumatano, 15 Aprili. Njiani.

Matope mpaka Ruangwa. Hapo akapanda Mwalimu Serafina, mstaafu, mjumbe kutoka Chunyu. Ni mtu wa Songea, aliletwa kufundisha huku akasahau kurudi. Kanga yake ya Chama imepauka, miguuni raba. Nilimhurumia.

Huruma iliisha Lindi. Mwenyekiti wetu wa mkoa, Mzee Harithi, alitangaza kwamba kila mkoa umepewa msemaji mmoja, dakika tatu. Msemaji wetu ni Serafina. Eti kwa sababu anasema mambo kwa kifupi. Atazungumzia tembo, maana hata Chunyu wanalia.

Nikamweleza Mzee Harithi kwamba mimi nina sauti. Akasema ameisikia tangu Nachingwea. Nikampa mfuko wa korosho zilizobanguliwa, ambao nilikuwa nimeuweka kwa ajili ya kiongozi mkubwa zaidi yake. Akashukuru sana, akawagawia watu wa viti vya nyuma. Kumbe hana meno.

Ijumaa, 17 Aprili. Dodoma.

Hosteli, baridi, blanketi fupi. Nilimsikia Serafina akikohoa, nikapata wazo. Nikamnunulia soda ya baridi, ile iliyokaribia kuganda. Akasema Mungu anibariki, akampa dereva. Nikanunua nyingine. Akampa mlinzi. Ya tatu nimeinywa mwenyewe kwa hasira na sasa koo linaniwasha.

Jioni nikapata wazo la kitaalamu zaidi. Nimemwambia Serafina kwamba wasemaji wa mikoa wataandikishwa kesho asubuhi kwenye hema la chakula, nyuma ya ukumbi. Ameniamini papo hapo. Miaka yote hiyo na watoto waongo darasani, bado hajui kuwatambua. Isitoshe, si kwamba nawanyima watu wa Marambo kitu. Yeye angesema tembo, mimi nitasema tembo, tena kwa sauti nzuri.

Jumamosi, 18 Aprili. Dodoma.

Taifa limeniona. Niandike kwa utaratibu.

Serafina alikwenda hemani. Mimi nikaenda kwenye meza iliyo kando ya jukwaa. Kijana aliyekaa pale akauliza Lindi ni nani. Nikasema ni mimi. Basi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, nikaumia kidogo kwamba hakuuliza hata moja.

Walipoita Lindi nikapanda. Mzee Harithi aliinuka kwenye kiti chake, akakaa tena. Watu hawana idadi, na uso wangu kwenye skrini umekuwa mkubwa kama nyumba. Sasa, mtu mzima havamii maneno. Kuna itifaki. Nikatoa salamu ya Chama mara tatu, maana mara ya kwanza waliitikia kivivu. Nikamtambua Mwenyekiti wa Taifa. Nikamtambua Makamu wake. Katibu Mkuu na manaibu. Kamati Kuu. Waasisi. Hapo nikakumbuka kwamba majina ya wagombea hupitishwa na vikao, na mimi sijui nani atakaa kikao gani. Kumruka mtu ni hatari. Nikawatambua wanawake, vijana, wazee, viongozi wa dini zote, mabalozi waalikwa. Nikaanza wenyeviti wa mikoa, mmoja mmoja, kwa alfabeti. Nilikuwa Tabora kengele ilipolia. Nikasema haraka, Mheshimiwa Mwenyekiti, sisi kule kwetu Marambo. Kipaza sauti kikazimwa na bendi ikaanza. Nikacheza kidogo. Walipiga makofi.

Serafina alikuwa amesimama mlangoni, ametoka hemani. Nilijiandaa kutukanwa. Aliniuliza tu kwa nini sikuanza na tembo. Kuanza na tembo, mbele ya Mwenyekiti wa Taifa. Hayo ndiyo matatizo ya kukaa na watoto wa darasa la pili. Akasema ilikuwa sentensi moja tu. Nikamjibu kwamba tembo wapo, hawaendi popote, tutawasema hata mwakani.

Jumapili, 19 Aprili. Dodoma.

Simu ya alfajiri. Semeni, binti mkubwa wa dada. Alikuwa analia, sikumwelewa mwanzoni. Baba yake ameuawa. Tembo waliingia shambani, Lukumani akatoka na debe na tochi. Tochi ikazima. Kulikuwa na jike mwenye mtoto. Wamemkuta kwenye mahindi, na Semeni hakutaka kunieleza wamemkutaje.

Nilikaa kitandani. Duka langu lilipoungua nilikula kwa Lukumani mwaka mzima, na hakuna siku aliyonitazama sahani. Nilimpenda yule mtu. Nimelia mpaka mjumbe wa kitanda cha juu akashuka kunipa taulo lake.

Serafina alipopata habari alinitafutia nafasi kwenye basi la asubuhi, akasema na yeye anaondoka, atanisindikiza mpaka msibani. Nikafikiri. Maziko ni leo adhuhuri. Hata nikiondoka sasa siyawahi. Na saa nane kuna picha ya pamoja na viongozi wa kitaifa. Marehemu mwenyewe angesema nibaki. Nikabaki. Serafina akaondoka peke yake.

Kwenye picha, mjumbe mmoja mrefu kutoka Mara alijisogeza mbele yangu wakati mpiga picha anahesabu. Nimeonekana mkono tu. Wa kushoto.

Jumanne, 21 Aprili. Marambo.

Nimefika kaburi limeshanyeshewa mvua na udongo umeanza kushuka. Niliweka mkono juu yake, nikaanza kuurudisha udongo.

Watoto walinikimbilia wote. Huku kwetu mjomba ndiye mwenye watoto, kwa hiyo sasa wananitazama mimi. Wadogo wakauliza kama askari wako nyuma yangu. Nikasema barabara ni mbaya.

Kisha nikaitwa ndani. Dada Mwamina amekaa chini, mgongo ukutani, kajifunika. Ameanza eda. Serafina yuko karibu naye na wanawake wengine, anamenya mihogo. Amefika tangu jana, kwa bodaboda, nguo zina matope mpaka magotini. Dada hakuuliza habari za safari. Aliuliza neno moja.

"Ulisema?"

Visu vyote vikasimama. Serafina akainua macho. Nikawaza kwamba redio zao hazikuwa na betri. Nikawaza pia kwamba neno Marambo lilitoka, hilo hakuna wa kulikana.

"Nilisema, dada."

Akatikisa kichwa polepole. "Kwa hiyo walisikia," akasema. "Walisikia, na hawakuja." Kisha akanishukuru. Akasema Jumamosi ile alimsihi mumewe waliache shamba kama majirani, wahamie kwa Semeni. Lukumani akakataa. Alisema shemeji leo ameshasema, wavumilie siku mbili tu, msaada uko njiani. Akachukua debe akatoka.

Nilitaka kukaa chini lakini hapakuwa na nafasi kwenye mkeka. Nilimtazama Serafina nikisubiri amalize kila kitu kwa neno moja. Alimtazama dada kwanza, kwa muda mrefu, kisha akainama akaendelea na mihogo. Hakusema. Nimelitafakari hilo mpaka sasa na jibu liko wazi. Ananiogopa.

Alhamisi, 23 Aprili. Nachingwea.

Jana sikula. Leo nimepata nafuu, kwa sababu habari zimesambaa. Sokoni watu wananisimamisha. Wanasema wewe ndiye uliyewaambia wakubwa usoni, wakapuuza, mtu akafa. Mzee mmoja wa Chiola alinishika mkono akalia, akasema hata wao wanahitaji mtu wa namna yangu. Nilikana kidogo kwa unyenyekevu. Hawakukubali.

Serafina alipita dukani akirudi Chunyu. Alikataa kiti. Alisema hakunyamaza kwa ajili yangu, alinyamaza kwa sababu dada hangebeba mawili kwa siku moja, na kazi ya kumweleza ukweli ni yangu. Akasema pia kwamba ile sentensi bado inaweza kusemwa wilayani, leo hii, na yuko tayari twende pamoja. Nikamwambia nitaangalia ratiba. Akaenda peke yake. Mtu wa haraka sana yule, hatafika mbali katika siasa.

Maneno ya kampeni nimeshayapata, na nikiyasoma mwenyewe mwili unasisimka: ALISEMA, HAWAKUJA. Shaibu analegeza shati bure, amesema ni kwa heshima ya marehemu.

Usiku wa jana tembo wamerudi. Wamemaliza mahindi yote yaliyobaki kwa dada. Hakukuwa na mtu wa kuwafukuza. Inauma sana, na nitalitaja hilo kwenye kampeni.

Kikwazo kimebaki kimoja. Uchaguzi utakuja eda haijaisha, na mjane hawezi kutoka kwenda kukaa mkutanoni, wakati watu lazima wamwone. Nimehangaika nalo mchana kutwa, hata wateja nimewafukuza. Sasa nimepata. Mkutano wa kufungua kampeni tutaufanyia uani kwake. Watoto nitawapanga mbele, jukwaa litazame nyumba, na dada nitamwomba aache mlango wazi.