Kilima cha Vifuniko vya Soda

Jumatatu, 5 Machi 1973

Naandika haraka, kisha daftari linarudi ndani ya debe la unga.

Leo Meja Dawudi ametandaza ramani ofisini, kwa jaribio la kupima kasi ya amri. Vifuniko vya soda ni jeshi letu, maharage ni adui. Amri yake inapita meza tano za makarani, kila mmoja akiinakili. Wa tano anasogeza vifuniko na kurudisha jibu. Wa tano ni mimi.

Meza itakayochelewesha itaondolewa, amesema. Karani wake je? Hakusema. Siku hizi mtu akiondolewa, mama yake humtafuta hospitali zote.

Amri ya kukamata kilima ilinifikia saa mbili nzima baada ya kutolewa. Maharage yalikuwa yameshatuzunguka!

Nikakumbuka ua wetu wa utotoni, kwenye nyumba za polisi za Nsambya. Vifuniko vilevile! Dada Lakot jenerali, mimi tarishi. Nilimletea habari kwamba kilima kimekamatwa, kumbe nimeishia jikoni kwa mama, nakula maharage ya moto. Raha iliyoje! Hakugundua kamwe.

Nimepata wazo.

Jumanne, 6 Machi

Leo tumerudia jaribio. Jibu nimeliandika mapema, na saa juu yake: saa tatu na nusu, kilima kimekamatwa. Nikaliweka mezani kwa Meja. Asuman wa meza ya kwanza aliuliza mbona natabasamu. Nikasema jino.

Balaa! Meja alilala mtaa wa Kansanga, akafika saa nne. Amri bado imo kichwani mwake, jibu liko mezani! Akanguruma: nani ametoa siri yake? Asuman akapiga saluti. Afande, akasema, vijana wanakutii hata kabla hujanena.

Meja akacheka. Tukacheka sote, kwa muda mrefu mno.

Mlangoni Asuman akaninong'oneza: jino limepona, msomi?

Jumatano, 7 Machi

Nimekwenda Nsambya. Ua ni uleule, ila majirani wawili hawapo na hakuna anayeuliza. Nikamsimulia Lakot. Hakucheka. Akasema zamani alikuwa akiniona jikoni, kila mara. Aliniacha bila kunisema kwa sababu nilikuwa na njaa.

Huko ofisini kwenu, kaka, akasema, nani atakuacha?

Nimelia kidogo. Maharage yalikuwa matamu kama zamani.

Ijumaa, 9 Machi

Jumatatu jaribio litarudiwa mbele ya wakubwa. Asuman ameonya: safari hii ngoja amri. Lakot naye ameniapisha.

Wana haki. Nilikuwa mzembe. Jibu jipya liko tayari, na saa niliyoandika juu yake ni saa kumi jioni.

Meja hawezi kuchelewa hadi saa kumi.