Tundu Nililoliziba Italia

Dada zangu wa Bugembe na Mbale, huko nyumbani Uganda, leo nimejiaibisha mbele ya Wazungu ishirini na padri mmoja. Nasema mwenyewe kabla Mariamu hajawatumia picha.

Mnajua niko Italia kwa binti yangu huyo, kwenye mji wa kale wa wavuvi. Asubuhi alienda kazini, akaniambia, "Mama, tembea tu uone mji. Ukipotea, teremka mpaka ufike kwenye maji." Nikatoka nimevaa gomesi yangu ya maua na viatu vya raba.

Wallahi, ule mji ni kama ndoto ya mtu aliyelala ameshiba. Nyumba zimebanana kama zinaambiana siri, moja rangi ya papai, nyingine rangi ya waridi. Shuka nyeupe zimeanikwa juu ya vichochoro, zinapumua juu ya kichwa chako. Mashua zimefungwa gatini, zinatikisa vichwa polepole. Mwanga wa maji unacheza mpaka kwenye kuta. Nikatembea bila kujua natembea. Nikamsalimia paka. (Kwa Kiswahili. Akaitika.)

Nikafika kwenye kikanisa kidogo cha mawe kando ya gati. Ukutani, chini ya paa, wametundika wavu wa zamani, wa kamba nene ya kahawia. Katikati una tundu ambalo ndama angepita bila kuinama! Chini yake kapu, na ndani ya kapu sindano ya mbao ya kushonea nyavu, uzi umeshaviringishwa tayari. Mbele imevutwa kamba nyekundu toka nguzo hadi nguzo. (Nilidhani ya kuanikia nguo. Mji mzima umeanika nguo, mimi ningejuaje?) Kulikuwa na kibao chenye maandishi mengi ya Kitaliano. Nikakitazama kwa heshima, nikakipita.

Nyinyi mnanijua. Marehemu baba alikuwa mvuvi pale Masese, ziwani, na mimi nilijua kushona nyavu kabla sijajua kusuka nywele. Nikasema moyoni: maskini, mwenye kazi ameitwa chai, ameiacha katikati. Nikainama, nikapita chini ya kamba, nikaketi kwenye ngazi ya mawe. Nikashona.

Banange, ilikuwa tamu! Mikono ilikumbuka yenyewe. Jicho la wavu, fundo. Jicho, fundo. Kengele ikalia mahali mbali. Jua likanikalia mgongoni kama mtoto. Maji ya hapa yananuka chumvi, si kama ziwa letu, lakini nikafumba macho kidogo nikamsikia baba kabisa: "Kaza, Zamzamu, sangara hana huruma." Nikaimba. Muda ulienda wapi, sijui. Jicho la mwisho nikalifunga, nikakata uzi kwa meno.

Nikageuka.

Watu ishirini, simu juu. Mbele yao msichana mwembamba mwenye mwavuli wa manjano, mwongoza watalii, amenipa mgongo, anawaeleza kwa Kiingereza:

"Zamani sana samaki mkubwa aliuchana wavu huu akapita. Mashua ilizama, lakini wavuvi wote saba walirudi hai. Wakautundika hapa kwa shukrani, na sindano yao chini yake, na tangu siku hiyo hakuna aliyeuziba. Watu hutoka mbali kuja kuona tundu hili."

Akageuka, akanyoosha mwavuli.

Simu zote zikaufuata mwavuli.

"Tundu liko wapi?" mzee mmoja akauliza.

Msichana akautazama wavu. Akanitazama mimi. Sindano mkononi, uzi mdomoni.

"Madamu," akasema polepole, "umefanya nini?"

"Nimemaliza," nikajibu. (Nimemaliza! Kwa fahari! Ulimi huu!)

Mmoja akapiga makofi, akidhani ni sehemu ya maonyesho. Nikawaza polisi, nikawaza Mariamu kufukuzwa kazi, mkwe wangu kuhama mji. Msichana akakimbilia ndani kumwita padri. Mimi nikampigia Mariamu, nikamweleza.

"Mama, usiguse kitu chochote!"

"Mwanangu, umechelewa."

Mariamu alipofika anahema, aproni ya kazini bado kiunoni, padri mzee alikuwa amevaa miwani, anapapasa mafundo yangu moja moja. Akavuta. Akavuta tena kwa mikono miwili. Akasema maneno marefu.

"Anasema," Mariamu akatafsiri, "babu wa babu yake alikuwa mmoja wa wale saba, na hawakujua kufunga mafundo mazuri namna hii."

"Alhamdulillahi!"

"Na anaomba uyafungue."

Hapo ndipo nilipoumbuka kabisa. Fundo la Masese halifunguki! Ndiyo kazi yake! Nikajaribu kwa kucha. Nikajaribu kwa meno, ndani ya gomesi, gauni la heshima, mbele ya simu zote zile. Mwisho padri akaleta mkasi, na kadi ya posta yenye picha ya wavu. Basi mimi, mama mzima, nikapiga magoti nikakata tundu kwa kipimo. Mariamu ameshika kadi, msichana wa mwavuli anaelekeza: "Kushoto kidogo. Hapana, pale palikuwa na pembe." Nikilia kidogo, maana kazi ilikuwa nzuri.

Nilipofika kwenye jicho la mwisho, la kona ya juu, padri akaufunika mkasi kwa kiganja chake. Akatikisa kichwa. Hilo akaliacha. Tukasimama tukalitazama, yeye na mimi, mpaka Mariamu akanivuta mkono.

Wifi Hadija, najua unacheka, nakusikia toka Namakwekwe huko Mbale. Cheka. Mimi nimeshaapa: huku ugenini kilichochanika kikae kimechanika. Jioni hii nimeona soksi za mkwe wangu zina matundu mawili, nikazitazama kwa heshima, nikanyamaza.