Sufuria Yangu ya Dhania

Leo nimepatikana. Na sijapatikana kidogo. Nimepatikana kwangu nyumbani, mbele ya kikundi kizima, na chai nilikuwa nimewapikia mwenyewe.

Wacha niwaambie kutoka mwanzo kabla Mama Kendi, mwenzangu wa kikundi, hajawaletea yake (ataongeza chumvi, na hii haihitaji chumvi).

Mnajua siku hizi mimi ni mtu wa mazingira. Tangu nitoke kwa ile semina ya usafi huko mjini, siambiliki. Baba Mutwiri, bwana yangu, hawezi kutupa hata kifuniko cha soda bila kuulizwa kinaenda gunia gani. Plastiki gunia lake, chuma gunia lake, maganda ya ndizi kwa shimo la mbolea. Jirani akichoma nailoni hapa Kinoru, mimi nafika kwake kabla ya moshi kunifikia. Kwa ufupi, nimekuwa mzigo.

Sasa leo kikundi chetu cha akina mama kilikuwa kinachagua mwenyekiti. Nilikitaka hicho kiti, sitawaficha. Aliyekikalia ni Mama Makena, mama mpole, sauti ya chini, na kosa lake lilikuwa moja tu: chini ya uongozi wake, sufuria kubwa ya kikundi ilipotea. Ile ya kupikia mukimo wa sherehe! Tulienda nayo Mikinduri kwa mahari ya binti ya mwenzetu, tukarudi bila. Na mwenye kuweka vyombo alikuwa yeye.

Niulizeni basi ni nani alipiga kelele zaidi kwa WhatsApp. Niulizeni ni nani aliandika, "Kiongozi akishindwa kulinda sufuria, atalinda nini?" (Hiyo sentensi niliipenda sana. Nilirudi kuisoma tena na tena.) Mama Makena akatuma sauti akilia, anaapa hajauza sufuria ya watu. Mimi, kwa upole wangu wote, nikamjibu na emoji ya mikono ya maombi.

Basi leo nikawaalika akina mama wapigie kura kwangu, lakini kwanza niwaonyeshe jinsi ya kusafisha nyumba bila kuharibu mazingira. Kampeni safi kabisa. Asubuhi nikamwaga stoo yote nje, nikatandika turubai, nikapanga. Chupa huku. Nguo kuukuu pale, za kujaza mito. Betri peke yake, kwa sababu betri ni sumu na mimi ni msomi. Vyuma rundo kubwa, na jamaa wa vyuma chakavu nikamwambia asubiri hapo kwa geti na mkokoteni wake. Kila kitu na mahali pake.

Wakafika. Wakanywa chai. Wakazunguka turubai wakishangaa.

"Mama Mutwiri, kweli hii maneno unaijua," Mama Kendi akasema.

"Najaribu tu, mama," nikajibu, nikiangalia chini kwa unyenyekevu (unyenyekevu wa kununua kura, lakini ulitoka vizuri).

Nikaona wamelainika. Nikawapeleka kwa ukuta wa jikoni, mahali nilikuwa nimeweka kivutio changu cha mwisho. Sufuria kubwa, nimeipaka rangi ya kijani na maua meupe, dhania imejaa mpaka inamwagika.

"Hii mnayoiona ilikuwa takataka!" nikatangaza. "Imekaa kwa stoo, masizi tupu, buibui tupu. Mtu mwingine angetupa. Mimi nikachukua msumari na nyundo, nikaitoboa chini, nikatia udongo. Akina mama, huo ndio uongozi!"

Wakapiga makofi. Haki walipiga makofi. Hata mimi nilijipigia kidogo.

Mama Makena hakupiga. Aliinama kunusa dhania, mkono wake ukashika ukingo wa sufuria. Vidole vikapita chini ya ukingo. Vikasimama. Vikarudi polepole.

"Mama Mutwiri," akasema, "hii sufuria ulitoa wapi?"

"Ni ya hapa tu nyumbani. Ya zamani."

"Iko na mikwaruzo hapa chini."

"Ni uzee, mama."

"Uzee umechora msalaba?"

Mnajua kwetu vyombo vinawekwa alama, kwa sababu siku ya sherehe sufuria za kila mtu zinachanganyika. Mmoja anapaka rangi ya kucha, mwingine anafunga uzi. Za kikundi chetu zilichorwa msalaba na mistari, kwa msumari, chini ya ukingo. Na unajua ni nani alisema tutumie msumari, eti rangi ya kucha inatoka lakini msumari hautoki milele? Mimi. Nilisimama kwa mkutano nikasema hivyo, wakanisifu.

Mama Kendi tayari alikuwa ametoa funguo. Akakwangua rangi yangu nzuri ya kijani. Msalaba huo. Mistari hiyo.

"Labda zinafanana," nikasema.

Ndipo Baba Mutwiri akatoka nje na kikombe chake, ametulia kama mtu hajui kuna moto.

"Kwani kuna nini? Si hiyo ni ile sufuria ya kikundi? Nilikuja nayo na vyombo vingine kwa pikapu tukitoka Mikinduri, nikaviweka stoo."

"Na hukuniambia?" nikapaza sauti.

"Nilidhani unajua. Hata nilishangaa ukiitoboa."

"Ukashangaa ukanyamaza?"

"Nianzie wapi? Ulikuwa unanihubiria juu ya mifuko ya plastiki."

Wueh! Natamani ningeingia kwa lile shimo la mbolea nikaoza salama. Na bado. Mama Kendi alirudi kwa rundo la vyuma akaanza kugeuza kitu kimoja kimoja. "Ngai, mwiko wangu!" Mwingine, "Na hiki kifuniko si changu?" Mwingine akakumbatia trei yake akiipapasa uzi. Ule mradi wangu wa kutenganisha taka ukawa siku ya watu kurudishiwa mali. Jamaa wa mkokoteni akacheka mpaka akakaa chini.

Nilimwendea Mama Makena. Sikutafuta maneno mazuri. Nikamwambia, "Nilikuita mwizi na sufuria iko kwangu. Nisamehe." Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Huyu mama amepita sokoni miezi yote hii watu wakinong'ona, na manong'ono niliyaanzisha mimi.

Angenitukana ningeshukuru. Aliniangalia, akafuta macho na kona ya leso, akasema, "Angalau dhania yako imeota vizuri." Kisha akachuma kidogo, ya kachumbari.

Kura ilipigwa. Mikono yote ilienda kwa Mama Makena, na wangu ulitangulia. Mimi pia nilipewa cheo, msidhani nilitoka bure. Natafuta fundi wa kuziba yale matundu, na sherehe zote zikija mimi ndiye wa kusugua sufuria. Wanasema masizi ni ya mtu wa mazingira. Sufuria yenyewe iliondoka kwa mkokoteni niliouita mimi, na dhania yangu ndani, akina mama wakiisindikiza kwa vigelegele.

Jioni hii nimeandika msamaha mrefu kwa WhatsApp. Wamejibu wote, mmoja baada ya mwingine, na emoji ya mikono ya maombi.

Sasa wewe unayecheka, enda kwanza jikoni upitishe kidole chini ya ukingo wa sufuria zako, halafu urudi tuongee.