Usukani Umehamia kwa Shemeji

Alhamisi, 6 Juni

Leo saa nne asubuhi nimenyang'anywa usukani. Wa gari langu mwenyewe! Nililolinunua kwa kuuza mabomba, masinki na vyoo, bila kushikwa mkono na mtu.

Kisa ni kusimama. Safari ya kwenda kumwona mjukuu ni kilomita mia tano na arobaini. Nilipanga vituo viwili. Mke wangu akataka cha ziada hata tisini hazijaisha. Nikamwomba avumilie mia moja na kumi tu. Akaniuliza, mtu aliyeuzia mji mzima vyoo anashindwaje kumsimamishia mkewe kwenye kimoja? Kaka yake, mstaafu wa posta, akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Niliposimama, mama watoto akachomoa ufunguo, akampa yeye.

Sasa niko kiti cha nyuma. Mimi, mito mitatu na chupa ya chai.

Ijumaa, 7 Juni

Safari ya siku moja, na tumelala njiani! Shemeji anaendesha kama amepakia mayai. Wastani wa kilomita arobaini na nane kwa saa. Nimepiga hesabu mara mbili. Kila penye kivuli anasimama. Ananyoosha magoti. Anauliza njia anayoijua. Baiskeli imetupita. Tena yenye mzigo! Mke wangu anasema hajawahi kusafiri kwa raha hivi tangu nimuoe.

Ila nina mpango. Shemeji bila miwani haoni hata boneti. Ikipotea kidogo tu, nani atashika usukani? Nimeichukua pale kwenye sinki la nyumba ya wageni. Iko mahali salama, mfuko wa nyuma wa suruali.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeikalia.

Nilisingizia kiti. Hawakuamini, maana mkono mmoja wa miwani ulikuwa unachungulia mfukoni mwangu. Shemeji hakugomba. Hilo ndilo lililoniudhi. Aliniuliza tu kama nimeumia.

Mke wangu akashika usukani hadi mji wa karibu, kwa daktari wa macho. Kumbe anaendesha vizuri. Sitaandika zaidi.

Daktari ni binti wa rika la mwanangu wa mwisho. Alinyoosha fremu, kisha akasema bora atupime sote. Nikajitolea wa kwanza, niwaonyeshe jicho la mfanyabiashara. Mstari wa juu nilipita. Wa pili niliusoma kwa sauti kubwa zaidi. Akaniuliza, kwa adabu zote, baba, unasoma ubao au kalenda?

Amri yake: nisiguse usukani mpaka nivae miwani. Itakuwa tayari baada ya wiki mbili.

Njiani mke wangu akakumbuka lori tulilolipita Alhamisi, nikiwa bado na usukani. Akauliza nililipitaje. Nikasema kwa uzoefu. Akamwambia kaka yake asimamishe gari, akashuka, akakaa kando ya barabara dakika kadhaa ameshika kichwa.

Jumapili, 9 Juni

Tumefika. Nilimbeba mjukuu, nikasema pua ni ya kwetu kabisa, hakuna ubishi. Nikaambiwa huyo ni mtoto wa jirani.

Mke wangu ametangaza mbele ya binti yetu kwamba nitarudi nyumbani kwenye kiti kile kile cha nyuma. Shemeji akanitania, akaahidi kunipa mto wa nne. Wacheke tu. Wakati mama watoto anapimwa, alisoma herufi zote kwa sauti, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Mstari wa pili hadi wa saba, zote ziko kichwani. Leo nimezirudia bafuni mara ishirini bila kosa.

Jumanne, tukirudi, tunapita mji ule ule. Namba ya daktari ilikuwa kwenye risiti, nimeshamwandikia ujumbe: "Binti yangu, macho yamepona. Nipime upya Jumanne saa tatu, kwa ubao ule ule, usibadilishe hata herufi. Utanipima au hunipimi? Nataka jibu moja, kabla ya saa kumi na mbili jioni ya leo."