Ngao, Mkwe na Nusu ya Juu ya Runinga

Jumatatu, 4 Machi

Nimeshtuka tangu asubuhi, chai imenishinda. Mjukuu wangu wa kike, yule mwenye chumba cha gemu pale kona, anahama mwisho wa mwezi. Kapata kazi mji mwingine. Kabla ya kuondoka ataingia shindano la wawili wawili Jumamosi, na anataka acheze na babu yake, iwe kumbukumbu. Nikamwambia usihangaike, babu nipo. Akasema mababu anao wawili.

Wawili! Kumbe anamhesabu na fundi cherehani, baba wa mke wa mwanangu. Tunaitana mkwe, kwa heshima. Heshima ndiyo inayonizuia kusema ninayoyajua.

Mimi nimelinda ghala la unga miaka thelathini, bunduki begani. Kwamba haikuwa na risasi ni siri ya mwajiri. Yeye maisha yake yote amelenga tundu la sindano. Tunashindanishwaje?

Mjukuu kasema tupimane kwanza. Haya.

Jumanne, 5 Machi

Gemu la askari. Mjukuu akaeleza: kila mtu bunduki ile ile, ukipigwa risasi moja umekwisha. Hapa ni shabaha tu, hakuna ujanja mwingine. Runinga moja imekatwa katikati, mmoja anacheza nusu ya juu, mmoja ya chini. Mengine sikusikiliza. Maelezo ni ya wasiojua.

Nikashika pedi, kile kidude cha vitufe, macho nusu ya juu. Nilikuwa moto. Nabonyeza, askari aliye mbele yangu chali. Nabonyeza, chali tena. Na mkwe kila mara ananiomba radhi: samahani mkwe, samahani sana mkwe. Samahani ya nini, na anayekufa ni yeye?

Mwisho mjukuu akatangaza mshindi ni babu fundi. Mkwe akasema ni bahati tu. Mnafiki.

Nikamwambia mjukuu gemu hili limeoza. Akajibu kwamba hili ndilo la haki kuliko yote, ukishindwa huna wa kumsingizia. Nyumbani mke wangu kauliza kama nilivaa miwani. Mlinzi havai miwani.

Jumatano, 6 Machi

Gemu la mashujaa. Hapa kila shujaa na kipaji chake. Huyu ana mbio, yule anatibu wenzake, mwingine anaruka kama panzi. Mjukuu anasema humu shabaha peke yake haikufikishi mbali, lazima ujue nani anamweza nani. Wenye gemu hukaa wakipima. Shujaa akizidi wanampunguza, akipwaya wanamwongeza, mizani ikae sawa.

Nikachagua Jitu la Ngao. Mkwe akachukua msichana wa mishale, mzee mzima. Nikaliona Jitu langu kwenye nusu ya juu, limesimama kama mlango wa benki, mishale inadunda. Mimi nabonyeza tu vyote. Msichana alipokaribia, rungu likamshukia.

Nimeshinda. Huu sasa ndio mchezo wenye mizani. Nimemweleza kinyozi wa jirani mara kadhaa. Mara ya mwisho alikuwa na wembe shingoni mwa mteja, akaniomba nitoke.

Alhamisi, 7 Machi

Wameipunguza ngao. Usiku mmoja tu! Nimeamka bingwa, nimefika pale mishale michache na ngao vipande vipande, Jitu liko uchi mbele za watu.

Mjukuu anasema watu dunia nzima walilalamika kwamba Jitu limezidi. Dunia nzima wapi. Nimemuuliza mkwe uso kwa uso kama amewaandikia wenye gemu. Kasema hata dada yake hajamwandikia mwaka wa ngapi huu.

Nimewaza sana. Kikulacho ki nguoni mwako. Kuna kitu kwenye kiti cha mkwe na pedi yake. Kesho ni mchezo wa mwisho wa kupimana, turudi kwa askari, na nitadai tubadilishane.

Ijumaa, 8 Machi

Nilidai. Mkwe akainuka mara moja, akanipangusia kiti kwa leso. Adabu ya namna hiyo ina jambo.

Tukaanza. Macho yangu nusu ya juu, kama kawaida. Sikuamini. Yule simba wa Jumanne leo anatazama dari. Namwambia kulia, anakwaruza ukuta. Kisha akatazama viatu vyake mpaka akapigwa. Nikasema mkwe ameniharibia askari.

Mjukuu akanishika bega. Babu, akasema, huyo ndiye wewe. Siku zote ulikuwa nusu ya chini, ukitazama ya babu fundi. Wale uliokuwa unawaona wanaanguka ni wewe mwenyewe unaanguka.

Kinyozi, aliyekuja kutazama, alikaa chini sakafuni kucheka.

Halafu mjukuu akanichagua mimi. Hata mkwe alishtuka. Mjukuu kasema shindano ni la mashujaa, shabaha anayo yeye mwenyewe inatosha. Anachokosa ni mtu wa kusimama langoni na ngao, hata ikiwa imepunguzwa, asitoke, maana kwa wawili wawili adui akipita lango mmekwisha. Na hiyo kazi, Babu, umeifanya miaka thelathini. Macho yaliniwasha. Vumbi la pale.

Mkwe kajiunga na kinyozi, nao wataingia shindano.

Jumamosi, 9 Machi

Kila mtu runinga yake, kwa hiyo sikuwa na wa kumtazama. Mjukuu kaniambia neno moja: simama. Wakikutukana simama, wakikimbia waache. Nikasimama. Yeye akawamaliza. Tukafika fainali. Watu wananiita Babu Lango.

Fainali na mkwe na kinyozi. Tulikuwa mbele, umebaki mzunguko wa mwisho. Ndipo msichana wa mishale wa mkwe akatokea mbele yangu, hana haraka, akainama kama anamsalimu mtoto. Mbele ya ukumbi mzima! Mkwe anaapa alibonyeza kitufe kisicho chake.

Nikatupa ngao, nikamfukuza. Mjukuu anaita Babu rudi, Babu lango. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu nimkamate. Kinyozi akapita langoni akitembea, kama anaingia kwake.

Tumeshindwa. Mjukuu alilaza kichwa mezani, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alipoinua uso alikuwa anacheka. Lakini machozi nayo yalikuwepo.

Jumapili, 31 Machi

Kahama. Kaniachia zawadi, miwani. Nimeifungia kabatini isije ikavunjika.

Leo kapiga simu. Kumbe gemu linachezeka kwa mtandao, yeye kule, sisi huku. Mkwe na kinyozi upande wa pili. Akasema Babu, safari hii simama langoni, nakuomba. Sauti yake ilikuwa karibu kabisa, kama yuko kiti cha pembeni. Nikamwambia mama, mimi ni mlinzi, sihami hapa hata nyumba iungue.

Nilisimama vizuri sana. Kila mtu shahidi.

Kisha yule msichana akaja, akainama tena.