Mtangazaji Wenu Anaingilia Zamu ya Kaka Yangu

Kwa Meneja wa Kituo cha Redio ambacho mnara wake umesimama nyuma ya jiko langu.

Ndugu Meneja,

Natumaini hujambo, na mtambo wenu haujambo pia, maana afya yake naisikia kila siku. Mimi ni fundi saa. Jioni, nikishafunga kibanda, ni mwanaredio wa ridhaa mwenye leseni: nina redio yangu ya kusema na kusikiliza, na kwayo nazungumza na watu walio mbali bila kumdhuru yeyote. Ninayo malalamiko, na nitayaeleza kwa heshima, ingawa heshima yenyewe inaelekea kuniishia.

1. Tangu msimike mnara huo, kila nikizungusha kitufe nawakuta nyinyi. Nikienda kushoto, mpo. Nikienda kulia, mpo, tena mnacheka. Nimehamisha waya wa antena kutoka paani hadi uani, nimetengeneza kichujio kwa mikono yangu, nimefukia waya wa shaba ardhini mpaka mke wangu akauliza tunamzika nani. Matokeo yake, sasa nawapata vizuri zaidi.

2. Ningevumilia, lakini kuna kaka yangu mkubwa. Tuligombana juu ya cherehani ya marehemu baba. Yeye akaondoka na kichwa, mimi nikabaki na meza na miguu, na tangu hapo hakuna kati yetu aliyeshona hata kifungo. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Majirani zetu wamelima weee, kapu hakuna aliyeligusa. Simu tulijaribu, lakini katika ukoo wetu hakuna anayemwacha mwenzake amalize sentensi. Redio ndiyo dawa yetu. Kwenye redio aliyebonyeza kitufe husema peke yake, na mwenzake hata akipasuka kwa hasira hasikiki mpaka aambiwe, "Zamu yako."

3. Binti yangu anaolewa mwezi ujao, na ameapa kwamba bila baba yake mkubwa kusimama mbele ya wakwe, hatoki chumbani. Basi nikamwuliza kaka kama atakuja. Jioni ya kwanza akaanza, "Mdogo wangu, kuhusu hilo mimi..." na hapo hapo mkaniuzia godoro. Jioni iliyofuata alisema kwa muda mrefu sana, nami nikasikia mpira wote pamoja na penalti. Jioni ya tatu akaja yule dada wenu wa ushauri wa ndoa. Kumwambia kaka arudie siwezi, kwani tangu utotoni shtaka lake juu yangu ni hilo hilo, kwamba simsikilizi. Kwa hiyo kila alipomaliza nilijibu kwa adabu, "Nimekusikia, kaka. Umesema kweli. Endelea." Lakini kama anakuja au haji, sijui, na roho yangu haitulii.

4. Kuhusu dada huyo. Mke wangu alipita na chai, akasikia kwenye vipokea sauti vyangu mwanamke akisema kwamba mwanamume hubembelezwa. Nikamwambia nazungumza na kaka. Tangu siku hiyo chai inaletwa ikiwa imepoa. Naomba barua yenye muhuri wa kituo, ithibitishe kwamba dada huyo hanijui.

Ndugu Meneja, mimi si mtu wa makuu. Nilifikiri kuomba muuhamishe mnara, nikaona ni mzito. Nikafikiri mzime mtambo kila jioni, nikawaonea huruma wasikilizaji. Basi naomba jambo dogo tu: nanyi mfuate zamu. Mtangazaji aseme sentensi moja, aachie, atamke "Zamu yako," kaka aseme yake, kisha taarifa ya habari iendelee. Mpira nao uwe hivyo hivyo. Wachezaji wasimame kidogo, kwani hata wao wanahitaji kupumua. Tangazo la godoro lisubiri mwisho, maana godoro halina haraka.

Nisalimie fundi mitambo, mlinzi wa mnara (mkumbushe kiti chetu alichoazima), na wote wanaokula mshahara hapo kwenu. Dada wa ushauri naye msalimie, ila kwa sauti ya chini.

Ni mimi jirani yenu wa ukuta mmoja,
Fundi Saa

N.B. Kabla sijafunga bahasha, fundi wenu amezima mtambo ili aukarabati, na jioni hii nimemsikia kaka vizuri kwa mara ya kwanza. Kumbe siku zote zile alikuwa akinitukana. Alianza na cherehani, akapitia harusi yangu, akafika hadi baiskeli yake iliyopinda tukiwa wadogo. Anasema alikuwa akingoja nimjibu, kama kawaida yetu, lakini kila akimaliza namwambia amesema kweli na aendelee, mpaka matusi yakamwishia akaanza kulia. Hajawahi kusikilizwa hivyo na mtu yeyote wa ukoo wetu. Atakuja harusini, na kichwa cha cherehani atakibeba mwenyewe. Nami nimelia, sifichi.

Ila kesho jioni anataka kunieleza habari za ile baiskeli kwa kirefu, kwamba niliipinda kwa makusudi. Ni uongo mtupu, na jibu lake liko kwenye ncha ya ulimi wangu. Nikimsikia, nitamjibu. Ndugu Meneja, nakusihi kwa jina la binti yangu: kabla ya kesho jioni washeni mtambo, kwa nguvu zake zote.